Tarehe Kwanza, Banda Baadaye

Mzazi anayetafuta banda la kulala na watoto ufukweni huanza na vitu viwili: bei na picha. Picha inaonyesha paa la makuti, kitanda chenye neti nyeupe na bahari ya buluu hatua chache kutoka mlangoni. Bei ikiwa ya kubebeka, malipo ya awali yanatumwa siku hiyo hiyo. Tarehe huja mwisho, ikifuata ruhusa ya kazini na likizo ya shule. Kisha familia inafika Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wanavua viatu wakiwa bado ndani ya gari, wanakimbilia majini, na maji hayapo. Mbele yao ni mchanga, mawe na majani ya bahari kwa mwendo wa nusu kilomita, na bahari yenyewe ni mstari wa povu kule kwenye mwamba. Mwenye banda hakudanganya. Picha yake ilipigwa saa kumi jioni.

Ukitaka likizo ya ufukweni iende vizuri, geuza mpangilio huo. Chagua tarehe kwanza, kwa kuangalia mwezi na upepo. Ukishaipata, tafuta mahali panapofaa umri wa watoto wako. Banda lenyewe, na bei yake, liwe la mwisho. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ina ratiba yake, na haibadilishwi na hoteli ya nyota tano wala kambi ya makuti. Banda la kawaida katika tarehe nzuri litawafurahisha watoto kuliko banda la kifahari katika tarehe mbaya.

Mwezi ndio ratiba

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, mara nyingine ikakaribia 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1 tu.

Wavuvi wanajua jambo ambalo wageni wengi kutoka bara hawajawahi kuambiwa: saa za bamvua katika pwani hii ni karibu zile zile mwaka mzima. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na kupungua alasiri. Kwa hiyo kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za pwani, inakutosha kupanga safari. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Sasa angalia watoto wako. Wakiwa wadogo, chini ya miaka sita au saba, lenga maji mafu. Bahari haikimbii mbali, mikondo huwa hafifu, na maji yanawafuata asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakiwa wakubwa, wenye miguu ya kutembea na maswali mengi, bamvua ina raha zake mbili kwa siku moja. Asubuhi maji yakipwa wanatembea juu ya mchanga na kutazama vidimbwi vya mwamba, wakiona kaa, viti vya pwani na samaki wadogo waliosubiri maji yarudi. Alasiri bahari inarudi hadi karibu na minazi, na hapo ndipo pa kuogelea. Ukipanga siku yako kwa mfuatano huo, hakuna atakayelalamika kwamba maji hayapo.

Hakikisha tarehe yako kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, linalopatikana kwa urahisi kwenye simu. Kisha tumia jambo hilo hilo kumpima mwenye banda. Mpigie, msalimie, halafu muulize: "Jumamosi ya tarehe hii maji yatajaa saa ngapi?" Anayeishi na bahari atakujibu bila kusita, na pengine atakushauri uje wiki inayofuata. Anayejibu kwamba maji yapo muda wote, mshukuru na upige namba nyingine.

Upepo na likizo za shule

Baada ya mwezi, tazama majira. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Joto ni kali, lakini kati ya Januari na Februari bahari huwa tulivu na maji yake angavu. Masika hufuata, kati ya Machi na Mei. Kusi hushika kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, na upepo wake kutoka kusini mashariki huchafua bahari na kuleta mawimbi. Katika fukwe nyingi zinazotazama mashariki huleta pia marundo ya majani ya bahari. Kati ya kusi na kaskazi, Septemba na Oktoba, kuna kipindi cha utulivu ambacho wenyeji wengi wa pwani hukiona kuwa kizuri kuliko vyote, kabla mvua za vuli hazijakolea.

Tatizo ni kwamba shule hazikupangwa kwa kufuata pepo. Likizo ndefu za Tanzania ni Juni na Desemba. Kenya watoto hufunga Aprili, Agosti, na mwishoni mwa mwaka. Ina maana mzazi wa Dodoma anayekuja Juni na mzazi wa Nakuru anayekuja Agosti wote wanakutana na kusi. Hilo lisiwazuie. Hewa ya miezi hiyo ni nzuri kwa mtu asiyezoea joto la pwani, na watoto hulala vizuri usiku. Kinachotakiwa ni kuchagua ufukwe uliokingwa: upande wa magharibi wa Unguja, kwa mfano, hutulia wakati upande wa mashariki unapigwa na upepo. Fukwe zilizo nyuma ya mwamba mrefu wa matumbawe nazo huvunjiwa mawimbi kabla hayajafika kwa watoto.

Pasaka ndiyo mtego. Likizo ni ya wote, mabanda yanajaa, bei inapanda, na mara nyingi mvua ya masika iko kileleni. Barabara za vumbi zinazoelekea kwenye kambi za mbali hugeuka tope. Miezi hiyo ya Aprili na Mei ndiyo pia iliyotuletea Kimbunga Jobo mwaka 2021 na Kimbunga Hidaya mwaka 2024. Kabla ya kuondoka, sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au za idara ya hali ya hewa ikiwa uko Kenya. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa hutolewa kwa watu wote wa baharini, na siku hizo wewe na watoto wako ni watu wa baharini.

Ukiweza kuiba siku za katikati ya wiki, Jumapili jioni hadi Alhamisi, fanya hivyo. Utapata bei ya kuelewana, choo kisicho na foleni na mwenye banda mwenye muda wa kukuhudumia.

Mahali gani kwa familia ipi

Kwa familia inayolala ufukweni kwa mara ya kwanza, Kigamboni inatosha. Kuanzia Mjimwema kwenda kusini kuna kambi nyingi za mabanda, hospitali haziko mbali, na ukisahau nepi duka lipo. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, huna haja ya kuipanga safari kwa kufuata pantoni. Tangu 2024 familia za Dodoma na Morogoro zinaweza kufika Dar es Salaam kwa treni ya umeme na kuendelea kwa gari la kukodi. Kasoro ya Kigamboni ni Jumapili: watu wa mjini hulipa kiingilio cha siku, muziki hupanda, na jioni barabara hujaa. Fika Ijumaa, ondoka Jumapili mapema, au baki hadi Jumatatu.

Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, inafaa familia inayotaka zaidi ya kuogelea. Maji yake si angavu, kwa sababu mto Ruvu unamwaga udongo wake jirani na hapo. Lakini bahari ikipwa kuna mji wa kale wa kutembea, magofu ya Kaole na soko la samaki lenye pilikapilika. Watoto wa shule ya msingi watakutana kwa macho na mambo waliyoyasoma darasani.

Saadani ni jambo la pekee: hifadhi ya taifa ambamo pori la wanyama linashuka hadi bahari ya Hindi, na shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina mabanda yake humo. Hapo sheria ni tofauti. Usiku hakuna kutembea nje bila askari wa hifadhi, na mtoto hatumwi peke yake chooni. Mto Wami una mamba na viboko, na mdomo wa mto si mahali pa kuogelea hata kama maji yanaonekana kimya. Malipo hufanywa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali, si taslimu mlangoni, kwa hiyo yamalize kabla ya kufika. Beba vitambulisho: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni. Ndugu yako aliyetoka ng'ambo na pasipoti ya nchi nyingine asishangae akitajiwa bei nyingine.

Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, ni kwa wanaotaka ukimya. Mchanga ni mrefu, kijiji cha wavuvi kipo jirani, na kwa mashua unaweza kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho huonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Safari hiyo hupendeza siku za bamvua, kwa sababu kisiwa hujitokeza asubuhi na kukaa wazi kwa saa kadhaa. Lakini kumbuka kwamba mto Pangani uko kati yako na mji, na hospitali na benki ziko ng'ambo. Beba dawa na fedha taslimu za kutosha, na kabla ya kuondoka ulizia hali ya barabara na namna ya kuvuka, hasa usiku.

Upande wa Kenya, Tiwi ina nyumba ndogo nyingi za kujipikia na ni tulivu kuliko jirani yake Diani. Ukija na treni kutoka Nairobi utashukia Miritini, na barabara ya Dongo Kundu itakuepusha na foleni ya feri ya Likoni. Shimoni, karibu kabisa na mpaka, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lina mabanda kwa wageni wa Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Pale pwani ni ya miamba, haifai kuogelea na watoto wadogo. Mtu huenda Shimoni ili apande boti akaone pomboo na matumbawe. Malipo ya hifadhi hiyo hufanyika kwa mtandao wa eCitizen.

Maswali ya kuuliza kabla hujatuma hela

Mwombe mwenye banda akutumie video fupi ya banda lenyewe utakalolalia, akitembea kutoka mlangoni hadi majini bila kukata. Matapeli hutumia picha za nyumba za watu wengine, na hasa wakati wa Krismasi huvuna malipo ya awali kwa familia ambazo zitafika na kukuta geti lisilowajua. Anayemiliki banda anaweza kulipiga picha leo. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lifanane na jina la biashara au la mtu unayezungumza naye, na malipo ya awali yawe nusu au pungufu, kwa risiti.

Video ikishakuridhisha, uliza haya:

Bei ni ya banda au ya kila kichwa? Mtoto wa umri gani halipiwi, na godoro la nyongeza ni kiasi gani? Tofauti hiyo moja inaweza kuongeza gharama mara mbili kwa familia ya watu sita.

Maji ya kuogea ni ya chumvi? Visima vingi vya pwani vina chumvi. Mtu mzima huvumilia, lakini ngozi ya mtoto mchanga hailainiki na nywele haziishi kunata. Ikiwa ni ya chumvi, beba madumu mawili ya maji baridi ya kumsuuzia.

Umeme unawaka saa ngapi hadi saa ngapi? Jenereta likizimwa saa nne usiku, feni nayo inazimika.

Neti zipo ngapi, na kila kitanda kina yake? Jibu la "tunapuliza dawa" si jibu la swali hilo.

Chakula cha nje kinaruhusiwa? Kambi nyingi hukataza au hutoza ada. Zinazoruhusu kujipikia ziseme jiko lipo wapi, na kama mkaa au gesi ni juu yako.

Choo ni cha ndani au cha pamoja? Mlango una komeo la ndani lililo juu, mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu hafikii? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika: banda lililo karibu na maji na mtoto anayeamka alfajiri kabla ya wazazi ni hatari.

Banda liko umbali gani na maji yakijaa bamvua? Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Jengo lililobandikwa juu ya mstari wa maji linakueleza jambo kuhusu mwenyewe, na siku ya bamvua yenye upepo litakueleza zaidi.

Mwisho, mnazi. Uliza kama nazi zilizo juu ya mabanda huanguliwa. Kambi inayojali humleta mkwezi mara kwa mara. Ukifika, tazama juu kabla ya kutandika mkeka.

Mizigo yenye kazi

Usibebe nyumba nzima. Kila kitu kiwe na kazi. Neti moja ya ziada iliyotiwa dawa, kwa sababu ile ya banda mara nyingi ina tundu. Tochi kwa kila mtoto anayejua kuiwasha. Yeboyebo zinazobana mguu, si kandambili, kwa ajili ya kutembea kwenye mwamba. Kanga doti mbili tatu: ni shuka, taulo, kivuli, pazia la kubadilishia nguo, na vazi la heshima la kupita kijijini. Fulana za mikono mirefu za kuogelea nazo, kwa kuwa jua la saa nne hadi saa tisa huunguza ngozi nyeusi pia. Kama kuna mtu mwenye ualbino katika familia, panga siku yake yote kivulini na kofia pana, mafuta ya kukinga jua na nguo nzito.

Deli lenye barafu litakufaa kwa samaki na maziwa. Maji ya kunywa yabebe kwenye madumu unayoweza kurudi nayo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu chupa za plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi na fukwe, na walinzi mlangoni huzichukua.

Katika mfuko wa dawa weka: pakiti za ORS, paracetamol ya watoto, plasta, kibano cha kutolea miiba, siki, dawa ya mbu ya kupaka, na dawa za kila siku za mtu yeyote anayezitumia, za siku kadhaa zaidi ya ratiba.

Jikoni na kwa wavuvi

Ukijipikia, nunua samaki kwa wavuvi wenyewe. Uliza jioni ya kwanza mashua hutua wapi na saa ngapi, kisha nenda na mtoto mmoja aliye tayari kuamka. Anza na shikamoo kwa wazee, tazama mnada kabla ya kutia neno, na ukikuta bei imeshatajwa kwa mchuuzi usiipandishe kwa jeuri ya fedha za mjini. Samaki mzuri ana macho angavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Changu na tasi ni wa kuchoma. Kolekole na nguru huvumilia mchuzi wa nazi. Siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wanawake wa kijiji huenda mwambani kutafuta pweza, na mchana utampata akiwa bado na maji ya bahari.

Viumbe wawili hawaliwi kabisa. Bunju, samaki anayejijaza hewa, ana sumu isiyoondoka kwa moto, na watoto humwokota ufukweni. Kasa naye analindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuua: Machi 2024 watu 9, wanane kati yao watoto, walifariki Pemba baada ya kuila. Ukikaribishwa, kataa kwa adabu lakini kataa.

Jiko la mkaa likae nje, mbali na paa na upande ambao upepo haurudishi cheche. Kuti kavu likishika moto halikupi muda wa kutafuta ndoo. Usiliingize ndani hata kukinyesha, maana mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ukimaliza, zima makaa kwa maji. Ukiyafukia kwenye mchanga hubaki na moto kwa saa nyingi, na mguu wa kwanza kuyakanyaga huwa wa mtoto. Dawa ya mbu ya kuwasha iwekwe kwenye sahani yenye mchanga, mbali na neti.

Zamu ya majini

Usitegemee mlinzi wa kuogelea. Fukwe nyingi hazina. Watu wazima kumi waliokaa kwenye mkeka mmoja hawamlindi mtoto, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Wekeni zamu. Mtu mmoja, nusu saa, hana simu mkononi wala glasi ya kinywaji, amesimama karibu na maji. Anakabidhi zamu kwa kumtaja jina anayefuata. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono kutoka kwa mtu mzima. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, anapotea kimya.

Maboya ya kuchezea na mipira ya tairi ni hatari siku za upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, na pia maji yanapoanza kupwa. Kwenye fukwe zilizozibwa na mwamba, maji yote ya ndani hutoka kwa kupitia mlango wa mwamba, ile nafasi ambayo mashua hupitia. Waulize wenyeji mlango uko wapi, na watoto wasiogelee usawa wake maji yakiwa yanatoka. Mtu mzima akivutwa na mkondo asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee kufuata ufukwe hadi autoke, ndipo arudi. Kwenye boti, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kuondoka, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Nahodha asipokuwa nayo ya kutosha, safari haipo.

Kwenye maji madogo fundisha watoto kuburuza miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, ashtuke na kuondoka. Viumbe wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye mawe, na yeboyebo husaidia. Konokono wa bahari mwenye umbo la pia haokotwi hata akiwa na rangi za kupendeza, kwa maana baadhi yao huchoma kwa sumu kali. Na makombe mengine, yaliyo hai au la, yabaki pwani. Mtu akichomwa na taa au samaki wa miiba, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi ambacho mtu mzima amejipima nacho na kukivumilia, endelea kwa nusu saa au zaidi, kisha nenda hospitali.

Kijiji ni jirani

Vijiji vingi vya pwani ni vya Waislamu, na ufukwe wa kambi yako ni njia yao ya kwenda baharini na shambani. Nguo ya kuogelea iishie kwenye mchanga wa kambi. Ramadhani mchana, kula na kunywa kufanyike ndani ya eneo lako. Usipige picha za watu, hasa wanawake walio kazini mwambani, bila kuomba. Ukitaka madafu, mtu wa kuosha samaki au wa kuwasimulia watoto habari za pepo, muulize mwangalizi wa mabanda akutafutie mtu wa kijijini, na mwelewane bei kabla ya kazi.

Siku ya kuondoka, rudi na taka zako hadi mahali penye gari la taka. Mengi ya yanayoachwa kwenye pipa la ufukweni huchukuliwa na bamvua inayofuata. Kabla ya kufunga mizigo, mwulize mwangalizi jambo moja zaidi: kwa mwaka ujao, wiki gani angewaleta wanawe mwenyewe? Iandike tarehe hiyo na uihifadhi, maana yeye ameitazama bahari hiyo miezi yote ambayo wewe ulikuwa kazini.

Na mkishafika nyumbani, weka jambo moja akilini kwa mwezi mzima. Malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, na watoto wa sehemu za baridi kama Arusha, Mbeya au Nairobi hawana kinga ya wenzao wa pwani. Mtoto akipata homa katika kipindi hicho, usimpe dawa ya maumivu ukasubiri. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na kabla daktari hajauliza, mwambie mlilala pwani na tarehe mliyolala.